Plagini Yako Ikibaki Yatima: Venye Mbogi Inaweza Chunga Kodi Kama Chama

Leo hatuongelei nani ameachana na nani. Leo ni kodi, na simaanishi ile landilodi anakupigia simu tarehe tano. Naongelea ile wasee huandika kwa kompyuta ndio apu zifanye kazi. Usihepe bado, juu hii stori inaweza kukuokolea doh, ama ikuonyeshe mlango ambao hukujua uko wazi.

Wacha nianze na aibu yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kabisa kulipika. Nikarudi Rongo, nikawa nashinda kwa saiba moja karibu na stage. Hapo ndipo niliunda plagini yangu ya kwanza, ya maduka ya mtandaoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuhesabu nauli ya kupeleka mzigo. Mteja akichagua Awendo, bei hii. Akichagua Migori, bei ile. Homa Bay, bei yake. Nikaiweka GitHub, ile platfomu ya watu kuhifadhi kodi zao, bure, kila mtu achukue. Maduka kama tisa yakachukua. Kuna dada alikuwa anauza viatu kutoka hapa Rongo, na hiyo plagini ndio ilikuwa inamhesabia kila deliveri. Mi nilikuwa najiskia kama nimeomoka.

Halafu simu ikaibwa kwa matatu.

Unajua ile namba ya siri ya pili unaulizwa ukiingia akaunti? Yangu ilikuwa kwa hiyo simu. Zile kodi za dharura ambazo unaambiwa uprinti uweke mahali salama? Nilibonyeza "nitafanya baadaye". Hiyo baadaye ilifika, na sikuwa nimefanya kitu. Akaunti ikafungika, mimi niko nje, kodi yangu iko ndani.

Sasa cheki vile hii kitu iliuma. Nauli nilikuwa nimeziandika ndani ya kodi yenyewe, si kwa mipangilio ya duka. Na wewe unajua vile EPRA hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Mafuta yakapanda, watu wa matatu na boda wakapandisha, plagini yangu bado inaambia wateja bei ya zamani. Yule dada wa viatu akawa anaongezea finje kwa kila mzigo kutoka mfukoni mwake. Alinipigia akaniuliza, "Ndugu yangu, hii kitu yako nitairekebisha aje?" Sikuwa na jibu.

Utaniuliza, omera, si ungefungua akaunti mpya? Nilifungua. Lakini yale maduka yote yalikuwa yanatafuta toleo jipya kwa ile anwani ya zamani, na huko hakuna mtu angeweza kuweka kitu. Plagini ilikuwa imebaki yatima na babake yuko hai, anakunywa chai.

Kwanza, plagini ni nini?

Chukua Boxer ya boda. Injini, magurudumu na breki, hiyo ndiyo programu yenyewe. Sasa kuna msee anaongeza keria ya kubebea magunia. Mwingine anaongeza mwavuli. Mwingine anaongeza chaja ya simu ya kasto. Hizo ndizo plagini. Hazibadilishi injini, zinashikiliwa tu kwa boliti mahali zimetengewa. Ukichoka na mwavuli, unautoa, pikipiki inaendelea.

Kwa programu huria, yaani zile kodi yake iko wazi, mtu yeyote anaweza kuunda keria yake. Hiyo ndiyo raha yake. Shida ni kwamba aliyeunda keria akihamia Nairobi, boliti zikilegea, nani anakaza?

Hii si stori ya maduka ya viatu tu

Pengine unasema hizi ni mambo za watu wa Marekani. Basi cheki karibu na nyumbani.

Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kule kati ya Eldoret na Kapsabet, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta kuweka rekodi za wagonjwa. Ulikuwa umejengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulikuwa mdogo, na ulisaidia. Lakini wagonjwa wa HIV walipoongezeka kwa mpango wa AMPATH, ule mfumo ukawa kama shati ya primary kwa mtu wa form four. Mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin wakakaa chini, wakashirikiana na Hamish Fraser wa Partners In Health, na hapo ndipo OpenMRS ilizaliwa. Februari 2006 ikaanza kutumika Eldoret.

Walichofanya kilikuwa cha akili. Hawakujenga kitu kimoja kikubwa cha kila mtu. Walijenga kiini kimoja, halafu kila kitu kingine kikawa moduli, ambayo ni jina lingine la plagini. Kenya inataka ripoti ya wizara inayoitwa MOH 731? Tengeneza moduli. Uganda inataka fomu zake? Moduli. Hakuna mtu anagusa injini ya mwenzake.

Ndio maana leo kuna KenyaEMR, ambayo ilianza kujengwa 2012 juu ya OpenMRS, na iko kwa mamia ya vituo vya afya hapa Kenya. Uganda wako na UgandaEMR, juu ya kiini kilekile. Kodi iko GitHub, wazi. Wewe na bando yako ya mbao mnaweza kuisoma leo usiku.

Sasa fikiria moduli moja ya hospitali ibaki yatima kama yangu. Hapo si finje ya nauli. Hapo ni mgonjwa ambaye tarehe yake ya kurudi klinik haionekani kwa skrini.

Mifano miwili ya vile mambo huharibika

Machi 2016, developa mmoja alikosana na kampuni juu ya jina la mradi wake. Akakasirika, akatoa vifurushi vyake vyote 273 kwa npm, lile ghala la kodi za JavaScript. Kimoja kiliitwa left-pad. Mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi, basi. Lakini miradi mikubwa ilikuwa imeegemea miradi mingine, ambayo ilikuwa imeegemea hiyo mistari 11. Kujenga programu kukakwama dunia nzima, hadi npm wakaamua kuirudisha wenyewe.

Mwaka 2018 ikawa mbaya kwa njia nyingine. Kulikuwa na kifurushi kinaitwa event-stream, kilikuwa kinapakuliwa karibu mara milioni 2 kwa wiki. Mwenyewe alikuwa amechoka, hakitumii tena. Msee ambaye hamjui akamwandikia kwa upole, "naweza kukusaidia kuchunga?" Akampa funguo. Huyo mgeni akaongeza kodi ya kuiba Bitcoin kwa wallet fulani. Iligunduliwa Novemba, kama miezi miwili baadaye.

Umeona? Mtu mmoja akiwa na funguo peke yake, ni hatari. Mtu mmoja akipeana funguo peke yake, pia ni hatari. Shida si roho ya mtu. Shida ni "peke yake".

Dawa ni chama

Mathee wako anajua hii kitu kukuliko. Chama haiwekwi kwa mfuko wa mtu mmoja. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Kutoa pesa benki kunataka sahihi za watu zaidi ya mmoja. Mtu akihama, kitabu kinabaki. Plagini zinataka hivyohivyo. Hizi ndizo hatua.

1. Jenga nyumba ya wote. Usiweke plagini kwa akaunti yako binafsi. GitHub iko na kitu inaitwa oganaizesheni, na ni bure kwa miradi iliyo wazi. Hiyo ndiyo nyumba ya chama. Weka wenye nyumba angalau wawili, afadhali watatu, ambao hawalali keja moja na hawapandi matatu moja. Kama plagini tayari iko kwako, unaihamisha tu, na anwani ya zamani inaelekeza watu kwa mpya. Yaani mimi ningefanya hiyo kitu dakika tano kabla simu iibwe, hii makala isingekuwepo.

2. Peana majina yenye mpango. OpenMRS moduli zao nyingi huanza na openmrs-module, halafu jina la kazi. Ukiingia kwa hiyo nyumba yenye mamia ya repo, unajua mara moja hii ni moduli, hii ni kiini. Usiite plagini yako "mradi-mpya-final-2". Mtu atakayeitafuta hakujui.

3. Andika leseni. Hapa wengi huanguka. Kuweka kodi mahali wazi si sawa na kuruhusu watu waitumie. Bila leseni, haki zote zinabaki za mwandishi, na mtu mwangalifu hataigusa. Kuna leseni nyepesi kama MIT, na kuna za masharti zaidi kama GPL na Mozilla. Kabla hujachagua, angalia programu kubwa unayoipachikia inataka nini. WordPress kwa mfano ni ya GPL, na plagini za kwa saraka yake lazima zipatane na GPL.

4. Gawa funguo kwa vipimo. Si kila mtu anahitaji funguo ya sefu. GitHub inakupa ngazi tano: kusoma, kupanga ishu, kuandika, kusimamia, na ile ya juu kabisa ya utawala. Mgeni anaanza chini. Akileta kazi safi mara kadhaa, anapanda. OpenMRS wako na ngazi zao za madevelopa, na unapanda kwa kazi uliyofanya. Hakuna mtu anauliza cheti. Mi hiyo sentensi niliisoma mara mbili.

5. Funga mlango wa mbele. Tawi kuu la kodi, lile ambalo watumiaji wanategemea, lisiingizwe kitu moja kwa moja, hata na mwenyekiti. Msee anafoki, yaani ananakili mradi kwa akaunti yake, anarekebisha huko, halafu anatuma ombi la kuunganisha. Mashine inajaribu kodi yenyewe kwanza. Halafu mtu mwingine anaisoma na kukubali. Hiyo ndiyo sahihi ya pili ya benki. Mwanzo utaona ni kama kuchelewesha. Siku itakuokolea aibu, utanyamaza.

6. Acha kazi ndogo kwa mlango. Mgeni akija na akute ishu 60 zote ngumu, atahepa. Weka lebo kwa zile rahisi: kurekebisha maandishi, kutafsiri, kuongeza mfano. OpenMRS huwa na ishu za utangulizi za watu wapya. Andika pia ukurasa mfupi wa kueleza vile mtu anaweza kusaidia, venye anaanzisha programu kwa mashine yake, na akikwama aulize wapi. Na mtu akileta ombi, mjibu, hata kama ni "nimeona, nitaangalia Jumamosi". Kimya ndicho hufukuza watu, kuliko hata matusi.

7. Hesabu matoleo kwa uaminifu. Namba kama 1.4.2 si mapambo. Ya mwisho ikipanda, umerekebisha kasoro. Ya kati ikipanda, umeongeza kitu bila kuvunja cha zamani. Ya kwanza ikipanda, unaambia watu: chungeni, kuna kitu kitavunjika. Ukidanganya hapo, duka la mtu litalala usiku na uamke na simu 14.

8. Panga kuondoka kabla hujaondoka. Jenkins, ile programu madevelopa hutumia kujaribu na kutoa kodi zao, iko na plagini zaidi ya 1,800. Nyingi zinakaa kwa nyumba moja ya jamii GitHub. Mwenye plagini akichoka, anaweka lebo ya kusema inatafuta wa kuichukua. Anayetaka anaomba mbele ya watu wote, na wenye nyumba wanaona nani anapewa. Linganisha na ile ya event-stream, ambapo funguo ilipitia mlango wa nyuma. Na kama hakuna mtu anaitaka, kuna kubonyeza kuihifadhi kama kumbukumbu: watu wanaweza kuisoma, lakini kila mtu anajua hii haichungwi tena. Kuzika kwa heshima si aibu. Kuacha maiti kwa barabara ndiyo aibu.

9. Printi zile kodi za dharura. Leo. Si baadaye. Tangu 2023 GitHub imekuwa ikilazimisha wanaochangia kodi kutumia uthibitisho wa hatua mbili, kwa hivyo hii inakuhusu. Karatasi moja nyumbani kwa mathee, nyingine mahali tofauti.

Lakini doh iko wapi?

Swali la haki. Ukweli ni kwamba plagini nyingi za jamii hazilipi, na mtu akikuambia utaomoka mwezi huu, huyo anakuuzia kitu. Kuchoka pia ni kweli. Watu hudai kana kwamba walikununua. Ndio maana chama, mzigo ugawanywe.

Lakini kuna milango. Google hulipa posho watu wapya wa programu huria kila mwaka kwa mpango unaoitwa Summer of Code, na OpenMRS wamekuwa wakishiriki tangu 2007. Zamani ulikuwa wa wanafunzi pekee. Tangu 2022 ukafunguliwa kwa wanaoanza, hata kama si wanafunzi, bora umefika miaka 18. Soma tena hiyo ya mwisho kama ulitoka chuo kama mimi. Na hata bila posho, kila kazi yako iliyokubaliwa inabaki hapo wazi na jina lako. Mwajiri anaweza kuiona.

Na usiniambie Rongo hakuna neti. Git, ile zana ya kufuatilia mabadiliko, ilijengwa ifanye kazi hata bila neti. Unapakua mradi mara moja, unaandika na kuhifadhi hatua zako kwa kompyuta hata stima na bando zikiisha, halafu unatuma zote ukifika saiba. Kama mradi ni mzito, omba historia fupi tu kwa kuongeza --depth 1 kwenye amri ya kupakua, utaokoa MB nyingi. Tuko na Chuo Kikuu cha Rongo hapa, kimejaa wasee wana laptopu. Watatu kati yao tayari ni chama.

Ile plagini yangu iliisha aje?

Wakati nilikuwa nalia kuhusu akaunti, kulikuwa na dem mmoja Migori ambaye alikuwa ameona ile kasoro kitambo. Alikuwa ameirekebisha vizuri: alitoa nauli kwa kodi akaziweka kwa mipangilio, mwenye duka abadilishe mwenyewe. Alikuwa ametuma ombi. Ombi lilikaa mlangoni miezi minne, juu mwenye mlango alikuwa amejifungia nje. Na hakutaka kutoa nakala yake juu sikuwa nimeandika leseni. Alikuwa anangoja ruhusa. Mwishowe akaona imeili yangu ndani ya kodi, akaniandikia.

Nilimjibu usiku huo. Tulifungua oganaizesheni, wenye nyumba watatu. Nikaweka leseni ya GPL. Yeye akaingiza marekebisho yake. Halafu ikabaki kazi ya miguu: kupigia maduka tisa, moja baada ya lingine, kuwaambia watoe ya zamani waweke mpya. Saba walikubali. Moja lilikuwa limefungwa. La tisa simu haikuwahi kushikwa, na hadi leo sijui kama bado linawaambia wateja nauli ya zamani.

Yule dada wa viatu alikuwa wa kwanza kubadilisha. Bei ya mafuta ikibadilika tarehe 14, anaingia kwa mipangilio, anabadilisha nauli, anaendelea na kazi. Hanipigii tena, na hiyo ndiyo naona ni sifa kubwa nimewahi kupata.

Siku hizi nikitaka kubadilisha hata mstari mmoja, natuma ombi kama mtu mwingine yeyote, na dem wa Migori ndiye anakagua. Wiki jana alinirudishia, ati sijaandika jaribio. Alikuwa sahihi. Niliandika.

Sasa wewe. Kama uko na plagini, skripti, ama kitu chochote GitHub ambacho mtu mwingine anategemea, jiulize: simu yangu ikiibwa leo jioni pale stage, nani anaweza kufungua? Kama jibu ni hakuna mtu, unajua cha kufanya. Anza na namba tisa, halafu urudi namba moja.